Gemu shoo haifi kwa kuchokwa, inafia kwenye ratiba

Ikifungwa gemu shoo, hivi vipindi vya TV vya watu kushindania zawadi, iliyokaa hewani miaka kumi na kitu watu wanasema yale yale, ooh ilishachuja, ooh tangu abadilishwe mtangazaji haina mvuto, ooh siku hizi watu wako TikTok. Sawa, kila moja ina ukweli wake. Ila ukikaa ukazifuatilia hizi shoo moja moja, hasa za Kimarekani ambazo ndo zimedumu kuliko zote, unakuta kuna zilizozimwa bado zina watu wao wengi tu, na kuna zilizokuwa hoi kabisa zikaachwa, zikapumua, zikafufuka. Kwa hiyo kuchokwa peke yake hakutoshi kuua. Mimi naona kinachoua ni nusu saa. Ile nusu saa ambayo shoo inakaa kwenye ratiba, nani anaimiliki na nani mwingine anaimezea mate.

Ngoja nieleze mfumo wao kwanza maana huku kwetu haupo hivyo. Huku stesheni ikiwa na kipindi kinaonekana nchi nzima saa ile ile, na mara nyingi mdhamini ni mmoja. Ndugu zetu wa Kenya wanaikumbuka Omo Pick-A-Box ya Fred Obachi Machoka pale KBC, sabuni iko kwenye jina kabisa hakuna kuficha. Shoo ya namna hiyo mdhamini akijitoa habari imeisha. Marekani sasa, kuna zile netiweki kubwa, ABC, CBS, NBC na baadaye Fox, ambazo zinaleta vipindi vyao kwa masaa fulani tu ya siku, masaa yaliyobaki stesheni ya mji inajitafutia yenyewe cha kuonyesha. Na masoko ya TV kwa hesabu ya Nielsen, wale wapima watazamaji, ni 210. Mwenye gemu shoo anazunguka nayo soko kwa soko, mji huu anawauzia stesheni ya ABC, mji wa pili stesheni ya CBS, wa tatu anaangukia kwa stesheni isiyo na netiweki yoyote, na kila mji unajipangia saa yake. Huko Ohio inaonyeshwa saa moja usiku, Texas saa nne asubuhi, shoo ile ile. Hiyo ndo sindikesheni.

Na hela inakuja kwa njia mbili. Stesheni inalipa ada ya kipindi, na juu ya hapo msambazaji anabakiza dakika kadhaa za matangazo humo ndani anaziuza yeye mwenyewe kwa makampuni ya nchi nzima, ya magari, ya dawa, ya sabuni. Mtego uko kwenye hizo dakika. Kampuni ya nchi nzima haina hamu na shoo isiyoonekana New York, Los Angeles na Chicago, au inayoonekana lakini saa tisa usiku wakati hata walinzi wamesinzia. Shoo inaweza kupendwa sana huko vijijini na miji midogo, ikipoteza stesheni za miji hiyo mitatu tu hesabu nzima inaporomoka, wala hakuna mtu aliyeichoka.

Kinachofanya ziwe nyingi ni kwamba ni rahisi kutengeneza. Seti moja, mtangazaji mmoja, washiriki ni watu wa mtaani, na vinarekodiwa vipindi vitano au sita kwa siku moja, katikati hapo mtangazaji anabadilisha koti tu ionekane ni siku nyingine. Wiki nzima ya TV imepatikana kabla ya chakula cha usiku. Hakuna tamthilia inaweza kushindana na bei hiyo.

Lakini bei peke yake isingetosha, kulikuwa na serikali pia, na hapa wengi huparuka. Mwaka 1970 FCC, ambao ndo wasimamizi wa mawasiliano kule, walitoa sheria kwamba kwenye masoko 50 makubwa netiweki isichukue zaidi ya masaa matatu kati ya yale manne ya jioni. Ikaanza kutumika 1971. Ghafla nusu saa hadi saa nzima kabla ya saa mbili usiku ikabaki wazi mikononi mwa stesheni, na kwenye masoko hayo makubwa stesheni za netiweki zikazuiwa hata kujaza kwa marudio ya tamthilia za zamani za netiweki. Sasa utajaza nini jamani? Stesheni haina hela ya kutengeneza tamthilia. Ndo gemu shoo zikapata kwao. Mwanzoni kila siku shoo tofauti, Jumatatu hii Jumanne ile, halafu taratibu wakagundua mtu anapenda kuwasha TV akute kitu kile kile kila siku, wakahamia kwenye shoo moja siku tano. Family Feud, ile ya familia mbili kushindana, toleo la jioni lilianza 1977 mara moja kwa wiki, kufikia 1980 liko siku zote tano.

Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu. Nusu saa ni chache, ziko mbili tu au tatu za maana kwa stesheni kwa siku. Ni kama kibanda pale stendi, mwenye eneo hajali maandazi yako ni matamu kiasi gani wala umeuza pale miaka mingapi, akija mwingine anayevuta watu zaidi unahamishiwa kule nyuma ya choo, na ukishahamishiwa huko mauzo yanashuka, halafu anakuja kukwambia unaona, mauzo yako yameshuka, ondoka.

Kisa ninachokipenda kwenye habari hizi zote ni cha Tic-Tac-Dough na The Joker's Wild. Zilikuwa shoo za nyumba moja, Jack Barry na Dan Enright, majina ambayo Wamarekani wa zamani wanayajua kwa ubaya maana hawa ndo walikuwa na Twenty-One ile ya miaka ya 50 iliyoshikwa ikiwapa washiriki majibu. Barry alikaa nje ya TV miaka mingi kwa ajili ya kashfa ile. Akarudi, The Joker's Wild ikaingia sindikesheni 1977, Tic-Tac-Dough 1978 na mtangazaji Wink Martindale, na zikapiga kazi haswa. Mwaka 1980 rubani mmoja wa jeshi la majini, Thom McKee, alikaa kwenye Tic-Tac-Dough anashinda tu, kipindi baada ya kipindi, akatoka na $312,700 zikiwemo thamani za magari manane. Magari manane! Sijui aliyaegesha wapi.

Basi, 1983 Wheel of Fortune, ile ya kuzungusha gurudumu na kubahatisha herufi, ikaletwa jioni. Ilikuwa ipo tangu 1975 mchana kule NBC, kitu cha mtengeneza shoo Merv Griffin, hakikuwa kigeni. Waliokuja nayo sokoni ni King World, kampuni ya familia, Pat Sajak anaongoza na Vanna White anageuza herufi. Ndani ya mwaka na kidogo tu ikawa namba moja kwenye sindikesheni nzima, ikaishusha Family Feud iliyokuwa imekalia kiti hicho. Septemba 1984 King World wakaleta na Jeopardy!, chemsha bongo iliyoongozwa na Alex Trebek. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa stesheni. Una nusu saa mbili, saa moja na saa moja na nusu. Jamaa wa King World wamekuja na shoo mbili zinazobebana. Mtu wa Tic-Tac-Dough anakupigia simu kwamba bado anaburuta watu wengi tu, na hasemi uongo. Lakini nusu saa ya tatu huna.

Jack Barry alifariki Mei 1984, ghafla. Bill Cullen, fundi mzee wa hizi shoo, akachukua The Joker's Wild. Mwaka 1985 Wink Martindale akaacha Tic-Tac-Dough akaenda kwenye shoo yake mpya, Headline Chasers, tena aliitengeneza kwa kushirikiana na Merv Griffin, kambi ile ile iliyokuwa inaimaliza shoo aliyotoka. Haikupita msimu mmoja. Na huko nyuma Tic-Tac-Dough chini ya Jim Caldwell ikafungwa 1986, The Joker's Wild nayo 1986. Watu wengi wanaandika kwamba shoo zilikufa kwa sababu ya kubadilisha watangazaji. Mimi hiyo siinunui. Trebek alifariki Novemba 2020 na Jeopardy! ikapita kwenye vurugu kubwa kuliko hizo zote, akatangazwa mrithi 2021 akajiuzulu hata hajakaa, wakaongoza wawili kwa kupokezana, mwisho akabaki Ken Jennings, na shoo ipo. Tofauti ni kwamba Jeopardy! ilikuwa na nusu saa yake iliyofungwa kwa mikataba ya miaka na miaka, pembeni ya taarifa ya habari, hakuna aliyekuja kubisha hodi. Mtangazaji mpya anahitaji muda watu wamzoee. Shoo yenye saa nzuri inampa huo muda. Ile iliyoshasukumwa saa tisa alasiri haina wa kumzoea.

Family Feud yenyewe ni somo lingine, ila hili linachekesha. Ilifungwa 1985. Ikarudi 1988 na Ray Combs. Ilipoanza kuyumba wakamtoa Combs 1994 wakamrudisha Richard Dawson, yule mtangazaji wa mwanzo aliyekuwa akiwabusu kina mama wote, na kipindi wakakirefusha kikawa saa nzima. Mwanzo reitingi, yaani hesabu ya watazamaji, zikashtuka kidogo, halafu zikalala, 1995 ikafungwa tena. Mwaka 1999 ikafufuliwa na Louie Anderson, akaja Richard Karn 2002, akaja John O'Hurley 2006, miaka kumi na moja hiyo inajikongoja tu, haikuwa shoo ya kujivunia na kwa mantiki ya kuchokwa ilitakiwa izikwe pale pale. Haikuzikwa kwa sababu ilikuwa rahisi na inajaza mashimo ya mchana ambayo hakuna mtu anayagombania. Unaona? Ilipokuwa saa za thamani ilifungwa mara mbili, ilipokuwa saa za bure ikaachwa iishi. Ndo 2010 akaja Steve Harvey, akaigeuza kuwa komedi, mtu anajibu upuuzi na Harvey anaangalia kamera tu nusu dakika hajasema kitu, na zile klipu zikasambaa dunia nzima mpaka kwenye magrupu yetu ya familia. Reitingi zikapanda mpaka ikaja kuipita Wheel kwa vipindi fulani, na 2020 akaileta Afrika, toleo la Afrika Kusini na la Ghana akiongoza yeye mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Septemba 1986 Oprah Winfrey alianza kuuzwa nchi nzima, na waliomuuza ni nani? King World hao hao. Mchana ukaenda kwa mazungumzo, 1996 Judge Judy akaleta mahakama, jioni kulikuwa tayari na Entertainment Tonight tangu 1981 na habari za mastaa. Na ile sheria ya FCC iliyozaa haya yote ikafutwa, uamuzi ulitoka 1995 na mwaka 1996 ikawa haipo. Sasa stesheni yoyote inaweza kuweka marudio ya komedi maarufu saa moja na nusu, watu wanaipenda tayari, vijana wanaiangalia. Gemu shoo zikakauka. Kwenye nusu ya pili ya miaka ya 90 ukizitafuta za sindikesheni zenye jina zilikuwa zimebaki karibu mbili tu, Wheel na Jeopardy! Hollywood Squares ilirudi 1998 ikiwa na Tom Bergeron na Whoopi Goldberg pale katikati, Whoopi akaondoka 2002, shoo ikafungwa 2004. Ile ilikuwa na ugonjwa wake pekee, viboksi tisa kila kimoja na staa wa kulipwa. Ukishaondoa urahisi kwenye gemu shoo umeondoa nusu ya sababu ya stesheni kuitaka.

Sasa Who Wants to Be a Millionaire. Hii ilianzia Uingereza 1998, ikaingia ABC Agosti 1999 na Regis Philbin, na ikawa moto wa ajabu, ABC wakaionyesha mpaka siku nne kwa wiki, wakaikamua. Kufikia 2002 ikawa imeisha kwenye netiweki. Lakini mwaka huo huo ikaingia sindikesheni na Meredith Vieira, na hapo ikaishi miaka kumi na saba, kimya kimya, mchana, ambavyo wengi hata hawajui. Nimeangalia vipindi vya misimu tofauti na unaona kabisa inavyobanwa. Mwaka 2008 wakaweka saa ya kuhesabu sekunde. Mwaka 2010 wakaondoa kiti chenyewe, kile kiti cha moto, mtu anasimama, maswali kumi ya kwanza yamechanganywa hujui lipi ni rahisi lipi ni gumu, na hela zake zimefichwa pia. Mimi naona pale waliharibu kabisa, maana raha ya Millionaire ilikuwa ni kupanda ngazi, unajua swali linalofuata ni la hela zaidi na ni gumu zaidi, mkono unatetemeka. Ila naelewa walichokuwa wanajaribu: mtu wa mchana anawasha TV katikati ya kipindi, anapika, anakunja nguo, wanataka akiwasha tu akute kitu kinatokea. Ratiba ndo iliandika sheria za mchezo.

Vieira akaondoka 2013. Cedric the Entertainer mwaka mmoja, Terry Crews mwaka mmoja, halafu Chris Harrison kuanzia 2015, wakarudisha na mfumo wa zamani. Studio ikatoka New York ikaenda Connecticut, ikatoka Connecticut ikaenda Las Vegas. Ukiona shoo inahama mji ujue kuna mtu ameshika kikokotoo. Mei 2019 ikatangazwa haiendelei. Na cha kuchekesha, mwaka uliofuata ABC wakairudisha jioni na mastaa na Jimmy Kimmel. Kwa hiyo jina halikuwa limechokwa hata kidogo, biashara ya kuiuza mji kwa mji mchana ndo ilikuwa haina faida tena.

Kitu kingine ambacho watazamaji hukasirika wakikisikia ni umri. Makampuni yanayotangaza biashara yanalipa vizuri kwa watu wa miaka 25 hadi 54. Anayeangalia chemsha bongo kila siku bila kukosa ni bibi na babu. Shoo ikidumu miaka ishirini watazamaji wake nao wanazeeka nayo, idadi inaweza kubaki ile ile kabisa na thamani ya dakika ya tangazo ikashuka kila mwaka. Uaminifu wao ndo unakuja kuwa mzigo. Ni ukatili ukiufikiria, bibi wa watu kakaa na shoo tangu ana miaka arobaini, akifika sabini anaambiwa hahesabiki.

Na stesheni zenyewe siku hizi haziko kama zamani. Zamani ulikuwa unaongea na mameneja wengi, mmoja akikataa unaenda kwa jirani yake. Baada ya sheria ya mawasiliano ya 1996 makampuni yakaanza kununuana, leo kuna makundi kama Nexstar na Sinclair yenye stesheni zaidi ya mia kila moja. Simu moja ya mtu mmoja ofisini inaondoa shoo kwenye miji kibao asubuhi moja. Stesheni za Fox ndo zimekuwa zikijaribu gemu shoo mpya miaka hii, walimpa Jay Leno You Bet Your Life 2021 ikakaa misimu miwili, wakawa na Pictionary na Person, Place or Thing, zote mbili 2025 hazikupewa msimu mwingine. 25 Words or Less ya Meredith Vieira, yule yule, ilianza rasmi 2019, mwaka Millionaire ilipofungwa.

Watu wananiuliza na Wheel je, na Jeopardy! je. Sajak alistaafu 2024 baada ya misimu 41, Ryan Seacrest kachukua, na haikuanguka, kama nilivyosema hapo juu kuhusu saa nzuri. Mimi sina wasiwasi na watangazaji. Ninachokiangalia ni kwamba 2024 Sony wenye hizo shoo waliwashtaki CBS, walioinunua King World na ndo wanaozisambaza, wakidai haziuzwi inavyopasa, CBS wakapinga, yaani wenye mali na muuzaji wake walikuwa mahakamani, mpaka wakapatana 2025. Na 2025 zikaanza kupatikana siku inayofuata kwenye Hulu na Peacock. Stesheni ililipa hela nyingi kwa sababu ilikuwa ndo mahali pekee pa kuziona, sasa sio pekee tena, na mkataba ukiisha itakuja kuomba bei ipungue. Tayari kuna stesheni zinazojaza jioni kwa taarifa ya habari zao wenyewe, maana habari dakika zote za matangazo ni zao, hakuna wa kugawana naye. Hulu na wenzake wakifika mahali wanalipa kuliko stesheni 200 zikijumlishwa, Sony haitakuwa na sababu ya kuibembeleza stesheni ya mji kama Cleveland kwa ajili ya saa moja na nusu.